Birika la Mwisho kwa Muuma-Farasi

Pale El Coyolar, mbele ya kibanda cha Bibi Ubaldina, kuna benchi la ubao lililokaliwa mpaka likafanya mabonde matatu, na kila bonde lina mwenyewe. La kwanza la Porfirio, wanayemwita Redio kwa sababu hana mahali pa kumzimia. La kati la Toribio, huyo ni Askofu. Mwaka ule askofu wa kweli alipopita kubariki kisima, Toribio alimshikia mwavuli nusu saa, na tangu hapo hajarudi kuwa mtu wa kawaida. La mwisho, karibu na nguzo, la Eladio Nyundo, mvalisha farasi viatu, kazi aliyoachiwa na baba yake. Basi ilikuwa wiki baada ya Pasaka. Kiangazi kimetimiza miezi mitano, upepo unaleta vumbi mpaka kwenye meno, bomba linatoa maji alfajiri tu, na hayo nayo yanakuja yakikohoa. Watu wamechoka, ng'ombe wamechoka, hata nzi siku ile walikuwa wanatembea kwa miguu. Bibi Ubaldina alibakiwa na birika moja la maji, limekaa motoni kwa kahawa ya alasiri. Na pembeni, chini ya kivuli cha bati, farasi wake jike, Melcocha, rangi yake kama sukari guru inayochemka, alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Ule wa mbele, wa kushoto, kaunyanyua kama aliyekanyaga kaa la moto. Jua likishuka kwenye mnazi-pori wa kwa jirani, kaka yake Bibi, Rufino, atakuja na bunduki kummaliza.

— Mimi nasema tu, alianza Redio. Hiyo si kwato tena. Hiyo ni kwato inayongoja siku ya kudondoka.

— Punguza sauti, anakusikia, alisema Bibi Ubaldina.

— Nani? Farasi?

— Farasi. Ana masikio kukuzidi wewe, na anayatumia.

Bibi aliinama akachochea kuni. Magoti yalilia, akayaacha yalie. Usiku wa jana hakulala. Alikuwa anamkumbuka marehemu Isidro anaingia uani na mtoto wa farasi kamviringisha kwenye shati lake mwenyewe, mama yake kafa kwa kuumwa na nyoka, anasema, "Mke wangu, tafuta maziwa." Alimlisha kwa chupa, yule Melcocha, jikoni. Sasa Isidro hayupo, na Melcocha ndiye anayevuta mkokoteni wa mahindi kwenda mashineni. Asipokuwepo yeye hakuna unga, na pasipo unga hakuna chapati za mahindi, na kibanda hiki kitabaki benchi na maneno.

— Muuma-farasi tu huyo, alisema Askofu, akionyesha kwa mdomo chini ya nguzo. Shimo hapo. Nguzo hapo. Farasi anafungwa hapo hapo. Mnataka shahidi gani? Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mvua gani, we Askofu? Miezi mitano sasa!

— Nasema kwa mfano.

— Toa mfano wa vumbi basi, tutakuelewa.

Shimo lenyewe lilikuwa pale kweli, upana wa mdomo wa kikombe, chini kabisa ya nguzo. Ndani yake anakaa buibui, mkubwa kama kiganja cha mwanaume, mweusi, ana manyoya yaliyojikunja rangi ya dhahabu iliyofifia. Huko kwao humwita muuma-farasi, na hakuna mtoto anayefika miaka mitano bila kuambiwa sababu.

— Anatoka usiku, alisema Redio, na akaiteremsha sauti ili watu wasogee. Anapanda mguu pole pole, kama bwana harusi. Farasi hata hajui. Anamnyoa manyoya ya hapa, juu ya kwato, akatandikie kitanda chake. Akimaliza kunyoa, anakojoa. Mkojo ukigusa tu, kwato kwaheri.

— Anakojoa kwa nini lakini? aliuliza Bibi.

— Eh?

— Manyoya keshapata. Anakojoa kwa nini?

Redio akafikiri.

— Ndiyo asante yake.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Askofu kwa huzuni, akimtazama Melcocha.

— Mkuu gani kamwambia nini farasi wangu, Toribio?

— Ijumaa Kuu, shemeji. Alipandwa siku ya Ijumaa Kuu, huyu. Nani asiyejua kwamba siku ile farasi hapandwi, nyundo haiguswi, mtu haogi mtoni asije akageuka samaki? Alipandwa, na buibui akapewa ruhusa.

— Ijumaa Kuu nilikwenda kanisani kwa miguu yangu hii hii. Wewe mwenyewe ulinikuta njiani umekaa kwenye jiwe unapumua kama chura.

— Basi alipandwa na mawazo.

Nyundo alikuwa hajasema neno. Alikaa kwenye bonde lake, kofia ya ukindu mapajani, anasugua macho kwa mgongo wa mkono. Kisha akasema, haraka haraka, kama mtu anayetaka kuutua mzigo:

— Si mkojo. Nyinyi hamjui. Mimi nimeshika kwato miaka arobaini na tano. Huyo mdudu anapenda chuma. Anasikia nyundo ikigongwa, kule chini anatetemeka kwa uchu. Siku ya pili anakuja, anaingia chini ya kiatu cha farasi, anaitafuta njia ya msumari. Anapitia hapo hapo. Anaingia mguuni. Anakaa.

— Anakaa mguuni? Redio alishtuka, kwa sababu hata yeye hakuwahi kufika huko. Mkubwa hivyo?

— Anajikunja.

— Mungu wangu.

— Na ndiyo maana mguu umekuwa wa moto. Ni yeye anapumua humo.

— Hapo sasa, alisema Redio, akashika mwendo. Hapo umenikumbusha. Shimo hili si shimo, jamani. Ni mlango. Limechimbwa kutoka hapa mpaka makaburini, limetandikwa manyoya ya farasi kumi na wawili. Marehemu mjomba alitia sikio kwenye ardhi, akasikia kwato.

— Marehemu mjomba wako alitia sikio kwenye ardhi kila Jumamosi, alisema Bibi, na si kwa ajili ya buibui.

Wakacheka, lakini kicheko cha kiangazi, kinaishia mdomoni. Melcocha alishusha ule mguu, ukagusa ardhi kwa ncha, akaurudisha juu. Bibi aliona.

— Huyu mama hajatoka, alisema. Nawaambia kila siku hamsikii. Hajatoka tangu Januari.

— Nani?

— Mwenye shimo. Kafunga mlango. Yuko pale mwaka wa kumi na tisa huu, alihamia wakati binti yangu ananyonyesha wa kwanza, nami namfagilia hapo mlangoni kila asubuhi. Mvua zikiisha anafuma kitambaa, anaziba, analala njaa ndani yake mpaka mvua zirudi. Mvua ya kwanza ikinyesha anajifungulia mwenyewe. Halafu ndiyo utawaona wanaume zake wanakuja, wembamba, wamekonda kwa safari, wanapiga hodi kwa miguu ya mbele. Mwingine anakaribishwa. Mwingine analiwa.

— Kama kwa mama mkwe wangu, alisema Askofu.

— Na wakishaoa, mwaka hauishi wamekufa. Yeye anabaki. Mwaka mwingine anatoa nje ngozi yake ya zamani, nzima, na kucha zake zote, kama mtu anayeanika koti. Nimemwona anapitisha kibunda cha mayai juani kama mimi nilivyokuwa napitisha wanangu. Nyigu mwekundu alikuja mara mbili kumchukua, mara mbili nilimpiga na ufagio. Farasi? Hajawahi hata kumtazama. Anakula mende.

— Kafunga mlango, alisema Nyundo. Mwizi naye hufunga mlango akiwa ndani na mali.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Redio.

— Farasi anavaa nguo?

— Nasema kwa mfano!

— Basi utazameni mguu, alisema Bibi kwa sauti ya chini, lakini hata yeye hakusogea.

— Nani auguse? Askofu alinyoosha vidole vyake vyote kumi. Binamu yangu Venancio aliigusa kwato iliyokojolewa. Kucha zikamtoka, moja, mbili, tatu, alipofika ya tano akaacha kuhesabu. Mpaka leo hawezi kumenya chungwa. Hilo halitazamwi, shemeji. Farasi anapigwa risasi, kwa huruma, kabla kwato haijadondoka yenyewe.

Bibi alizisikia habari hizo tangu utotoni. Bibi yake alimwambia, na bibi wa bibi yake. Akazitazama kucha zake mwenyewe, kisha akalitazama jua. Lilikuwa limeshaugusa mnazi-pori.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Nyundo, akasimama. Huyu mmoja tumeshampoteza. Tusubiri na wa kesho? Lete birika.

— Hilo la kahawa, Eladio.

— Kahawa kitu gani mbele ya farasi wa watu?

— Ndiyo maji yaliyobaki nyumbani kwangu.

Wote wakamtazama. Naye alikuwa amechoka. Amechoka kubishana na wanaume watatu tangu asubuhi, amechoka kuzika, amechoka na upepo. Akainua mkono hivi, akauacha uanguke. Hakusema ndiyo. Lakini mtu akichoka, kimya chake wenzake hukitia sahihi.

Nyundo alilichukua birika kwa kitambaa, likitoa mvuke. Akatembea hatua nne mpaka kwenye nguzo, mguu mmoja ukitangulia kupapasa. Akaishika nguzo kwa mkono wa kushoto, akainama, akamimina. Ardhi ikachemka, ikalia fssss, vumbi likaruka. Akamimina mpaka tone la mwisho.

— Kwisha habari yake! alishangilia Redio. Makaburini kule wanaoga sasa hivi.

Nyundo akarudi, akataka kuliweka birika juu ya kigoda. Kigoda kilikuwa upande huu, birika akaliweka upande ule. Likaanguka kwenye jivu, kifuniko kikabiringika mpaka miguuni pa Askofu.

— Upepo huu, alisema Nyundo.

Bibi Ubaldina alikwenda kwenye nguzo kumuaga mwenzake wa miaka kumi na tisa. Akachuchumaa. Akatazama. Maji yalikuwa yamezama kwenye kishimo walichofukua kuku, shubiri moja na nusu kutoka kwenye mlango. Kitambaa chenyewe kilikuwa pale, kikavu, kimejaa vumbi la miezi, na jani moja dogo la mwiba limenasa katikati tangu Februari. Hata uzi mmoja haukulowa.

Alibaki pale amechuchumaa. Shimo upana wa kikombe, mchana kweupe, mtu kainama umbali wa mkono tu. Na hakuliona.

Akageuza kichwa akamtazama Eladio vizuri, kama ambaye hajamtazama mwaka mzima. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu, kama tone la maziwa ndani ya maji. La kushoto lilikuwa linaelekea huko.

Hapo Jumatano ile ikamrudia yote. Jumatano kabla ya siku kubwa, farasi kumi na mmoja wamepanga mstari kwa Nyundo, maana Alhamisi na Ijumaa Kuu hakuna wa kupiga msumari. Nani apige msumari siku aliyopigiwa misumari Bwana? Kila mtu anataka leo leo. Melcocha alikuwa wa mwisho. Giza limeshaingia. Yeye mwenyewe Bibi alisema, "Nikushikie taa, Eladio?" Naye akajibu, "Ya nini shemeji, mikono yangu inaona." Siku ya nne baadaye Melcocha akaanza kuchechemea.

Bibi alisimama kwa kujivuta na nguzo. Neno lilikuwa limefika ulimini, akalirudisha. Huyu ndiye aliyelipigilia jeneza la Isidro, na hakutaka hata asante. Ukimwambia mvalisha farasi viatu kwamba haoni, umembakizia nini? Akarudi kwenye jiko lake lisilo na maji, akakaa, jua likishuka.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja kwa barabara ya mashamba ya miwa, mfuko begani, panga limefungwa kwenye gunia, uso mweusi kwa masizi ya majani yaliyochomwa. Mkata miwa, kamaliza msimu, anarudi kwao ng'ambo ya mpaka. Alisema anaitwa Yelba, na akauliza kama basi la jioni linapita hapa.

— Linapita likitaka, alisema Redio. Kaa.

Akakaa kwenye ncha ya benchi, pasipokuwa na bonde.

— Kuna kahawa, mama?

— Subiri kidogo, mwanangu, alisema Bibi, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Yelba akamwona farasi.

— Ana nini yule?

Basi wakamwambia, wote pamoja. Redio akatoa kitanda cha manyoya na mkojo wa asante, Askofu akatoa Ijumaa Kuu na kucha za Venancio, makaburi yakaja, kwato zikalia chini ya ardhi, na kwamba sasa adui kapikwa lakini farasi hana dawa, bunduki iko njiani. Nyundo peke yake hakuchangia. Yelba alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mtu aliyechoka asiye na haraka ya kuamini wala kukataa. Akatikisa kichwa. Akasema:

— Poleni. Na mlipounyanyua mguu, mliona nini?

Upepo ukapita, ukachukua kofia ya Nyundo mapajani, hakuna aliyeinama kuiokota.

— Unasemaje? alisema Redio.

— Chini ya kwato. Aliyetazama aliona nini?

Redio akafungua mdomo. Ukabaki wazi, mtupu, mara ya kwanza tangu apewe jina lile. Askofu akamtazama Redio. Kidole chake kilikuwa kimeshapanda juu kutafuta methali. Kikashuka polepole mpaka gotini.

— Mimi sijautazama, alisema Nyundo.

Wakamgeukia.

— Na ningeutazama nisingeona, alisema. Siwaoni hata nyinyi vizuri. Nawajua kwa kelele.

Bibi Ubaldina akasimama.

— Shemeji, kucha! alisema Askofu.

— Kucha zangu zina miaka sabini na miwili, Toribio. Zikitaka kwenda, ziende.

Akamwendea Melcocha, akamshika begani, akateremsha mkono kwenye mguu kama Isidro alivyomfundisha, akimwambia maneno yale ya jikoni, ya chupa ya maziwa. Mguu ukaja wenyewe, ulikuwa umechoka kungoja. Akauweka mapajani kwake. Akafuta vumbi na samadi kwa upindo wa aproni. Misumari saba imekaa mahali pake. Wa nane umeingia ndani zaidi, kwenye nyama, na kando yake pana unyevu mweusi, na harufu.

— Eladio, njoo na koleo lako.

— Shemeji, nimekwambia...

— Nimesikia ulichoniambia. Njoo.

Alikuja akipapasa. Bibi akakishika kidole chake, kidole kigumu kama mzizi, akakiweka juu ya msumari.

— Huu?

— Huo.

— Una moto.

— Una moto siku nne sasa.

Kidole kikaukagua msumari, kikazunguka, kikapima.

— Niliupiga mimi, alisema.

— Giza lilikuwa limeingia.

— Niliupiga mimi, Ubaldina. Na nilijua. Juzi, nilipoambiwa ni mguu upi, nilijua.

— Basi na uutoe wewe. Mimi nakushikia, mikono yako inaona.

Akaingiza koleo akifuata kidole chake mwenyewe. Akavuta mara moja, sawasawa, kama zamani. Msumari ukatoka, na nyuma yake yakatoka maji meusi, kisha usaha. Melcocha alitetemeka mwili mzima, akashusha pumzi ndefu mpaka nywele za Bibi zikaruka.

— Anahitaji maji ya uvuguvugu na chumvi, alisema Nyundo. Mengi. Kila siku, mpaka pakauke. Kiatu nacho kitoke.

Walitazamana. Birika liko kwenye jivu.

Yelba alikuwa ameshafungua mfuko wake. Akatoa chupa ya maji, ile ya safari, imejaa nusu, akamkabidhi Redio bila maneno, na Redio, bila maneno pia, akaenda kuyapasha moto. Askofu akaleta chumvi. Bibi akaosha tundu, akalifunga kwa kitambaa cha aproni, akauteremsha mguu.

Melcocha akaugusisha ncha. Akangoja. Kisha akaukanyagia, si uzito wote, nusu tu, nusu ya farasi. Akaanza kutafuna ncha ya kamba.

Kwa mbali, barabarani, mtu alikuwa anakuja na kitu kirefu begani, jua liko nyuma yake.

— Porfirio, alisema Bibi, wewe mwenye sauti. Mpigie kelele Rufino. Mwambie arudishe bunduki yake, alete ndoo ya maji.

Redio akapiga kelele, na safari hii hakuongeza hata neno moja la kwake. Nyundo aliketi kwenye bonde lake, msumari kiganjani, anauzungusha. Askofu akaiokota ile kofia, akaikung'uta vumbi, akamvisha.

Yelba akachungulia jiko, akalitazama birika lililolala ubavu.

— Kwa hiyo, mama, kahawa haipo?

— Haipo, mwanangu, alisema Bibi Ubaldina, akijishusha taratibu kwenye benchi, magoti yakilia. Maji ya kahawa tulimpelekea mwenye nyumba pale chini ya nguzo. Na mwenyewe hata mlango hakufungua.